Tumefuata skramu kwa miezi tisa, lakini matawi bado hayajauona mfumo: tumekosea wapi?

Mwanzisha mada (kiongozi wa timu, Ntinda, Kampala)

Ndugu zangu wa fani hii, naomba ushauri wenu katika jambo linalonikosesha usingizi.

Ninaongoza timu ya watu saba: waandishi wa msimbo watano, mjaribu mmoja, na mimi mwenyewe. Tunajenga mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo chenye matawi Masindi, Hoima na Bweyale. Timu yetu ina Waganda, Walugbara, Waacholi na Mkenya mmoja, na Kiswahili ndiyo lugha tunayoelewana sote, ndiyo maana nimeona nilete swali hapa.

Miezi tisa iliyopita mkurugenzi wetu alitupeleka kwenye mafunzo ya siku mbili, tukarudi na vyeti, na Jumatatu iliyofuata tukaanza kufanya kazi kwa mtindo wa ajaili (Agile), yaani kujenga programu kidogo kidogo na kuirekebisha kutokana na maoni ya watumiaji, tukifuata utaratibu wake uitwao skramu (Scrum). Tuna ubao ukutani wenye safu tatu za kadi, kila kadi ikiwa kazi moja: zinazosubiri, zinazoendelea na zilizokamilika. Kila siku saa tatu asubuhi tunasimama mbele yake kwa dakika kumi na tano. Kazi inakwenda kwa mizunguko ya wiki mbili, na kila mzunguko unapoisha tunakaa kutathmini namna tulivyoufanya. Hakuna kikao tulichoambiwa tufanye ambacho hatukifanyi.

Pamoja na hayo yote, hakuna karani hata mmoja wa matawi aliyewahi kuugusa mfumo huu. Mkataba wetu ni wa bei moja, ulisainiwa pamoja na kitabu cha mahitaji chenye kurasa 84, na malipo yamegawanywa mara tatu: wakati wa kusaini, katikati ya kazi, na siku ya kukabidhi. Kila mzunguko unapoisha tunamwonyesha meneja mmoja wa makao makuu ya chama, naye hutuambia kazi ni nzuri na tuendelee, kisha siku chache baadaye hutuma barua pepe yenye mambo mapya ambayo amekumbushwa na wenzake. Mkurugenzi wangu naye kila Ijumaa huhesabu kadi zilizofika safu ya mwisho na kumlinganisha mwandishi mmoja na mwingine, kwa hiyo vijana wamejifunza kukata kazi moja kuwa kadi nne ili hesabu ipande. Mmoja wao aliniambia juzi kwamba zamani alikuwa na tarehe moja ya kuogopa kwa mwaka, na sasa anazo ishirini na sita.

Je, hii bado ni ajaili? Tuanzie wapi kurekebisha bila kuvunja mkataba? Na nimwambie nini mkurugenzi, ambaye ni mzee ninayemheshimu sana na ndiye aliyenishika mkono nilipotoka chuoni?

Msanifu wa mifumo, Arua

Ndugu, pole kwa mzigo huo, na ahsante kwa kuueleza bila kuficha kitu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona kila tatizo ulilolitaja linarudi kwenye sentensi moja: hakuna karani aliyewahi kuugusa mfumo. Niruhusu nikueleze yaliyonipata mimi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika timu iliyojenga mfumo wa mikopo kwa chama kingine, chenye tawi Koboko. Tulifanya kazi kwa miezi sita tukiwa Kampala, kwa mizunguko kama yenu, na tulijisifu kwamba hatujawahi kuchelewesha mzunguko hata mmoja. Mfumo ulipowekwa tawini, ripoti za mwezi wa kwanza zilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka, kwa sababu hakuna tawi la sokoni ambalo wanachama wake wote hulipa siku ile ile ya mwezi.

Nilitumwa kwenda kuangalia, nikakaa siku mbili nyuma ya dirisha pembeni ya mama mmoja ambaye amekuwa karani pale kwa miaka mingi. Chini ya kibodi yake kulikuwa na daftari la shule la kurasa 96. Mwanachama aliyekopa shilingi 500,000 kwa miezi kumi alitakiwa kulipa 60,000 kwa mwezi, yaani 50,000 ya deni na 10,000 ya riba. Lakini mwuza nyanya hana 60,000 tarehe 30. Anazo 15,000 kila siku ya soko jioni, kabla hajazitumia nyumbani. Mfumo wetu ulikataa malipo yoyote yaliyopungua fungu kamili, kwa kuwa kitabu cha mahitaji kilisema fungu hulipwa mara moja kwa mwezi. Basi yule mama alipokea zile 15,000, akaziandika kwenye daftari, akamwandikia mwanachama risiti ya mkono, na mwisho wa mwezi alijumlisha mara nne na kuingiza 60,000 kwenye mfumo kana kwamba zimelipwa siku hiyo. Kwa wiki tatu fedha za watu hazikuwa popote isipokuwa kwenye daftari lile. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mlikuja kunifundisha, hamkuja kuniuliza."

Marekebisho yalituchukua siku nne. Jambo lililochukua miezi sita na siku mbili za basi lilikuwa kulijua.

Nakumbuka nilirudi kuusoma ule waraka mfupi ulioandikwa na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, ambao ndio ulioipa ajaili jina lake. Hauna neno lolote kuhusu ubao, kadi wala kusimama asubuhi. Kanuni zake kumi na mbili zinasema kwamba programu inayofanya kazi ndicho kipimo kikuu cha maendeleo, kwamba ipelekwe mara kwa mara, kila baada ya wiki chache hadi miezi michache, na kwamba watu wa biashara na waandishi wa programu washirikiane kila siku. Vikao vyote mnavyovifanya vilibuniwa ili kuitumikia kazi hiyo: kuweka kitu kinachofanya kazi mikononi mwa mtu, kumtazama akikitumia, kisha kubadilisha mnachofanya kutokana na mlichokiona. Ninyi mmevipokea vikao hivyo kikamilifu, ila chakula kilichopaswa kupikwa humo hakijawahi kufika mezani.

Kwa hiyo swali langu kwako, kabla ya mengine yote, ni hili: ndani ya chama hicho, nani mwenye mamlaka ya kuona skrini leo na kusema, "Hili tuliache, lile litangulie," na neno lake likasimama? Mwongozo wa skramu unataka mwenye bidhaa, yaani anayeamua nini kijengwe na kipi kitangulie, awe mtu mmoja, asiwe kamati, na unataka taasisi nzima iheshimu maamuzi yake. Meneja unayemwonyesha kazi hana mamlaka hayo. Ndiyo maana husema "endeleeni" mbele yenu na kuandika barua pepe baada ya kuulizwa na wakubwa wake. Mtafuteni mwenye neno. Kisha mchukue kipande kidogo kuliko vyote mkakiweke kwenye tawi moja, nanyi mkae pale.

Mjaribu wa programu, Bugolobi

Nakubaliana na ndugu wa Arua, lakini naomba niongeze jambo ambalo wakurugenzi hulisahau kwa sababu halionekani ukutani. Mkianza kupeleka programu tawini kila baada ya wiki mbili na hamna majaribio ya kiotomatiki, mtaumia.

Katika kazi yangu iliyopita tulikuwa wajaribu wawili. Mzunguko wa kwanza tulijaribu kila kitu kwa mkono kwa saa tatu. Mzunguko wa pili tulijaribu vya mzunguko huo pamoja na vya kwanza, kwa sababu kipya huvunja cha zamani. Tulipofika mzunguko wa nane, kujaribu kulikula siku tano kati ya siku kumi za kazi, na waandishi wakaanza kutukimbia. Ndipo tukaamua kuacha vipengele vipya kwa mzunguko mzima na kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe kila msimbo unapoingizwa kwenye hazina, yaani mahali pamoja unapotunzwa msimbo wa timu nzima.

Tulianza na hesabu za mikopo, kwa kuwa hapo ndipo kosa linapogeuka kuwa fedha ya mtu. Nilikaa na mhasibu wa mteja na daftari lake kuu. Alinipa mkopo wa 2,000,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa kwa deni la mwanzo, jumla yake ni 480,000. Ikikokotolewa kwa salio linalopungua, deni likilipwa kwa mafungu sawa, jumla yake ni 260,000. Kitabu cha mahitaji kilisema "riba asilimia 2" bila kusema ni ipi kati ya hizo, na waandishi wawili walikuwa wameandika kila mmoja anavyofahamu, katika sehemu mbili tofauti za mfumo ule ule. Jaribio lile dogo lenye mistari michache liligundua jambo ambalo vikao vyetu vyote vya asubuhi havikuwahi kulitaja. Tangu hapo niliona kwamba jaribio lililoandikwa pamoja na mhasibu ni makubaliano thabiti kuliko ukurasa wowote wa mahitaji, kwa sababu linasomwa na mashine kila siku na mashine haichoki.

Ndiyo maana huwa nawashauri watu wasisome skramu peke yake. Skramu haikufundishi namna ya kuandika msimbo. Kent Beck na wenzake, waliokuwa wakijenga mfumo wa mishahara wa kampuni ya Chrysler miaka ya 1990, ndio waliosisitiza mambo ya mikono: kuandika jaribio kabla ya msimbo, waandishi wawili kukaa kwenye kompyuta moja, kuunganisha kazi za wote mara nyingi kwa siku. Na lazima niseme ukweli wote: mradi ule wenyewe ulisimamishwa mwaka 2000. Ufundi mzuri hauokoi mradi ambao wakubwa wameacha kuutaka, na hapo ninarudi kwenye swali la ndugu wa Arua kuhusu mwenye neno.

Mambo mawili ya mwisho. Msijaribu mfumo kwa majina, namba za simu na salio za wanachama halisi kwenye kompyuta zenu za Ntinda. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawahusu, na hata isingekuwapo, hizo ni siri za watu. Tengenezeni data ya kubuni. Pia chagueni siku ya kupeleka toleo jipya kwa kuuliza tawi, kamwe isiwe asubuhi ya siku ya soko, na muwe na njia ya kurudi kwenye toleo la jana kwa dakika chache, maana umeme unaweza kukatika katikati ya kazi na jenereta ya tawi ikawa haina mafuta.

Afisa ununuzi mstaafu, Entebbe

Vijana wangu, mimi si mwandishi wa programu. Nilifanya kazi ya ununuzi katika taasisi moja ya umma kwa miaka mingi, na mifumo mingi ilipita mezani kwangu ikiwa karatasi. Nitazungumzia mkataba tu.

Mkataba wa bei moja wenye kitabu kinene huandikwa na watu wanaoogopa, na hofu yao ina sababu. Mnunuzi anaogopa kulipa asichopata, na muuzaji anaogopa kufanya asicholipwa. Kwa ujenzi wa kisima hofu hiyo inatibika kwa kuandika kina na upana. Kwa programu haitibiki hivyo, kwa sababu mnunuzi mwenyewe hajui anachotaka mpaka akione. Nimeshuhudia, katika taasisi ambayo sitaitaja, mfumo ukipokelewa kwa cheti chenye sahihi tatu katikati ya Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni na fedha isiyotumika hurudi Hazina. Kila kipengele cha kitabu cha mahitaji kiliwekewa alama ya vyema. Septemba nilipita kwenye ofisi ile na watumishi walikuwa wakiandika kwenye rejista zao za zamani, na kompyuta zimefunikwa vitambaa ili zisipate vumbi. Nilikuwa mmoja wa waliosaini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Chama cha akiba na mikopo hakifungwi na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2003, kwa hiyo ninyi mna nafasi kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi, ambao kila badiliko la mkataba lilipaswa kupita kamati ya mikataba. Msiombe kuuvunja mkataba wala kubadilisha bei, maana mkigusa bei bodi itafunga mlango. Ombeni nyongeza ya ukurasa mmoja yenye mambo mawili. La kwanza ni haki ya kubadilishana: mteja anaweza kuingiza jambo jipya wakati wowote, mradi aondoe jingine lenye uzito wa kazi unaolingana nalo ambalo halijaanza kufanywa. La pili ni kuligawa lile fungu la mwisho la malipo katika mafungu madogo, kila fungu lilipwe pale kitu fulani kinapotumika tawini kwa kazi halisi, mkisaini pamoja na msimamizi wa tawi. Bodi italipenda hili la pili kwa sababu linawalinda wao kuliko ninyi.

Na kama mwenyekiti atauliza kama kuna mkubwa yeyote aliyewahi kufanya hivyo, mweleze kuhusu FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Mwaka 2005 waliutupa mfumo wa faili za kesi baada ya kutumia kiasi cha dola milioni 170. Wakaanza mwingine, Sentinel, chini ya mkandarasi mkubwa, nao ukakwama. Mwaka 2010 waliichukua kazi mikononi mwao, wakaifanya kwa timu ndogo na mizunguko ya wiki mbili, wakionyesha kinachofanya kazi kila mara, na Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika na idara nzima. Mizunguko ilisaidia, lakini jicho langu la ununuzi linaona zaidi kwamba anayeamua na anayejenga walikuwa sasa chini ya paa moja.

Mhandisi wa programu, Gulu

Nimefuatilia mjadala kwa makini na ninakubali mengi, ila sipendi tumwache mkurugenzi wa ndugu yetu aonekane mtu mbaya. Kuuliza "mtamaliza lini" ni swali halali la mtu anayelipa mishahara na kodi ya ofisi. Wapo wenzetu wanaojibu kwamba katika ajaili hakuna tarehe, na jibu hilo limewafanya wakurugenzi wengi warudi kwenye njia za zamani kwa hasira.

Mjibu kwa namba za timu yenyewe. Chukua mizunguko sita iliyopita na uhesabu ni kazi ngapi zilizokamilika kabisa katika kila mmoja, yaani zimejaribiwa na zinaweza kutumika, bila kuhesabu zile kadi zilizokatwa ili hesabu ipande. Tuseme mzunguko mbaya ulikuwa na kazi tano na mzuri ulikuwa na tisa, na kazi zilizobaki ni 60. Basi zinahitajika mizunguko saba hadi kumi na miwili, yaani wiki 14 hadi 24. Mpe masafa hayo, na kila mzunguko umpe mapya. Akisema masafa ni mapana mno, mwonyeshe ni kazi zipi zikiondolewa yatapungua. Hapo umemrudishia uamuzi ulio wake. Inafaa ajue kwamba hata walioandika mwongozo wa skramu, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waliacha mwaka 2011 kuiita kazi ya mzunguko ahadi ya timu na kuanza kuiita makadirio, kwa sababu neno ahadi lilikuwa limegeuzwa fimbo ya kuwachapia watu.

Kuhusu kuhesabu kadi kwa mtu mmoja mmoja, liache leo, usingoje kesho. Mtu anayepimwa kwa kadi zake hatainuka kumsaidia jirani yake aliyekwama, na kazi ya programu husonga kwa watu kusaidiana. Badala yake wekeni kikomo kwenye safu ya katikati ya ubao wenu: kazi zisizozidi nne kwa wakati mmoja kwa timu nzima. Anayemaliza asichukue kadi mpya kabla hajauliza nani anahitaji mkono. Ubao utaanza kuonyesha mahali kazi inapokwama, na katika hali yenu nina hakika utaonyesha kwamba inakwama ikimsubiri mteja.

Mwanzisha mada

Wazee wangu na ndugu zangu, zimepita wiki tatu tangu niandike, na nimerudi na habari.

Nilianza na mkurugenzi. Nilimwomba nafasi jioni, tukiwa wawili, nikampelekea masafa kama ndugu wa Gulu alivyonielekeza. Yetu yalitoka wiki 18 hadi 30. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Nilimjibu kwa heshima kwamba Ijumaa zetu hazikuwa na nafasi ya habari ya namna hiyo. Ijumaa iliyofuata hakuhesabu kadi. Aliuliza, "Ni nini kimekwama, na nimpigie nani simu?" Vijana walitazamana.

Baada ya hapo nilikwenda Bweyale na waandishi wawili, tukiwa na kompyuta yenye kipande kidogo tulichokuwa nacho tayari: kusajili mwanachama. Karani wa pale, dada mmoja mwenye umri wa kama miaka thelathini, alikubali kuwasajili upya wanachama watano wa kwanza watakaofika asubuhi ile, kwenye mfumo wa majaribio na kwa majina ya kubuni, huku rejista yake ikiwa pembeni. Wa kwanza alisajiliwa kwa dakika tatu. Wa pili alikuwa mama mwenye asili ya Sudan Kusini anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Karani alifika kwenye nafasi ya namba ya kitambulisho cha taifa, akasimama. Mfumo wetu ulidai herufi na tarakimu 14, na bila hizo kitufe cha kuhifadhi hakifunguki. Mama yule ana kadi ya mkimbizi, ambayo namba yake haina umbo hilo. Karani alinigeukia akaniuliza aandike nini. Kisha akageuza rejista yake ili nione: ukurasa ule mmoja ulikuwa na wanachama 22, na tisa kati yao wamesajiliwa kwa kadi za ukimbizi.

Kijana wangu aliyeandika kipengele hicho alikuwa amesimama pale pale. Hakusema neno, alichomoa daftari lake akaanza kuandika. Katika kurasa zote 84, neno mkimbizi halimo hata mara moja, kwa sababu kitabu kiliandikwa Masindi.

Mchana huo tulimpigia mwenyekiti wa bodi, na nilimwachia karani azungumze naye mwenyewe. Simu haikuzidi dakika tano. Mwenyekiti alisema mfumo ukubali kitambulisho cha aina yoyote inayotambuliwa na serikali, na kwamba kuanzia sasa maswali ya namna hiyo yaende kwa msimamizi wa tawi la Bweyale, ambaye bodi imempa neno la mwisho juu ya nini kitangulie. Sikutegemea kama ingekuwa rahisi hivyo. Nyongeza ya mkataba aliyoishauri mzee wa Entebbe bado iko kwa mwanasheria wao. Haki ya kubadilishana wameikubali kwa maneno, mgawanyo wa malipo bado wanaujadili.

Tutaanza na usajili peke yake, Bweyale peke yake, Jumanne ijayo, ambayo karani amesema si siku ya soko. Nina swali moja lililobaki. Bodi inataka rejista ya karatasi iendelee kuandikwa sambamba na mfumo kwa miezi sita. Karani anasema hawezi kuandika kila kitu mara mbili kwa muda huo wote. Ninyi mlifanyaje?

Msanifu wa mifumo, Arua

Ndugu, nimefurahi sana kusoma haya, hasa kwamba karani ndiye aliyezungumza na mwenyekiti.

Kuhusu rejista, karani yuko sahihi. Akilazimishwa kuandika mara mbili kwa miezi sita, kimojawapo ataanza kukiandika jioni kwa kukumbuka, na mara nyingi kitakuwa mfumo. Sisi Koboko tulikubaliana mwezi mmoja, kwa sharti kwamba kila jioni mfumo unachapisha ukurasa mmoja wa kazi zote za siku hiyo, karani na msimamizi wanausaini na kuubandika kwenye rejista. Wiki mbili za kwanza karani aliandika pia kwa mkono. Wiki mbili zilizofuata alibandika tu, na msimamizi alichagua wanachama watano kila siku na kuwahakiki kwa risiti zao. Mwisho wa mwezi tuliipelekea bodi rejista yenyewe, pamoja na orodha ya tofauti zote zilizopatikana na jinsi kila moja ilivyotatuliwa. Walipoishika mikononi walikubali kuiacha.

Hakikisheni tu kwamba mashine ya kuchapisha ya Bweyale ina wino wa akiba kabla ya Jumanne, na mmoja wenu abaki pale mpaka Ijumaa.